Maua Yaleyale kwa Maharusi Wawili

Diploma yangu ya biashara ndiyo ya kwanza kutundikwa ukutani Kibra. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu nimeuliza nyumba hadi nyumba na hakuna aliyenionyesha nyingine iliyoitangulia. Niliipata Bombay katika chuo cha jioni, na hakuna aliyenisaidia hata kwa kalamu. Nilitoka nyumbani kijana wa miaka kumi na saba, nikapanda meli Mombasa nikimenya viazi jikoni mwake. Nilirudi baada ya miaka tisa, vita vya pili vya dunia vimekwisha, nimevaa suti ya kijivu na nina saa mfukoni. Barua yangu ya biashara kwa Kiingereza, Mzungu angeisoma mara mbili akitafuta kosa na asilipate.

Mama alinipokea kwa machozi. Mjomba, kaka yake, aliyenilea baada ya baba kufa, alinipokea kwa maswali. Alikuwa askari mstaafu, mtu wa kusimama wima hata anapokunywa uji. Hakujua kusoma, kwa hiyo aliigeuza diploma yangu akaiangalia mbele na nyuma.

"Ina mihuri mingapi?"

"Miwili, mjomba."

"Basi hiyo ni kazi ya kiti na meza," akasema. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshanitafutia kiti hicho. Kilikuwa katika ghala la ngozi karibu na stesheni. Karani mkuu wa pale alikuwa anarudi kwao Bara Hindi baada ya miezi mitatu, na mwenye ghala, aliyemfahamu mjomba tangu siku za jeshi, alikubali kunipa nafasi yake.

Nilikwenda kuliona ghala. Ngozi za ng'ombe zilikuwa zimepangwa hadi darini, na harufu yake iliingia hadi ndani ya kola ya shati. Kazi yenyewe ningeiweza nikiwa nimefumba jicho moja. Lakini nilipokalia kile kiti kukijaribu, mikono yangu ilikaa juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba mahali ni pazuri. Usingizi wa mchana, ambao nimeupenda maisha yangu yote, ulinikimbia kuanzia siku ile.

Kulikuwa na jambo ambalo diploma haikulitaja. Kule Bombay nilipanga chumba juu ya duka la mafundi wanaochora maua kwenye vitambaa vya kutarizi. Mchana nilifagia duka lao, jioni nikaenda chuoni. Mwaka wa pili walinipa kalamu ya risasi. Mwaka wa tano wateja walikuwa wakiuliza kwanza kama yule Mwafrika yupo. Nilijifunza pia siri yao ya kazi. Unachora ua mara moja tu kwenye karatasi ngumu, kisha unatoboa mistari yote kwa sindano. Karatasi hiyo ya matundu unailaza juu ya kitambaa, unapitisha pamba iliyochovywa blu ya kufulia na mafuta ya taa, na ukiiinua, ua zima limebaki pale. Karatasi moja inaweza kuchora shuka mia.

Niliupenda mchoro kuliko chakula. Lakini nilijiambia kwamba kuchora ni kwa ajili ya moyo na biashara ni kwa ajili ya maisha, na kwamba mtu mzima huchagua.

Basi wiki ya tatu tangu nirudi, mama alinikalisha barazani akaniwekea shuka nyeupe mapajani. Kibra wakati ule kila mwanamke wa Kinubi alijua kutarizi, na mama alikuwa miongoni mwa hodari, ila macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Sindano aliiweza bado. Kuchora hakuweza.

"Wewe si ulikuwa ukichora kuta zangu kwa mkaa? Nichoree."

Nikamchorea tausi wawili na mzabibu. Alipoianika ile shuka uani, majirani walisimama njiani. Siku iliyofuata wanawake wanne walikuja na shuka zao, na wiki iliyofuata sikuwa na nafasi ya kuweka mguu barazani. Mjomba alipita akanikuta nimekaa katikati yao na penseli sikioni.

"Ulikaa Bombay miaka tisa ukarudi kuwachorea akina mama maua?"

"Nilirudi na diploma pia, mjomba."

"Basi diploma hiyo iambie ikuvalishe gurbaba, ukae nao vizuri."

Gurbaba ni vazi la wanawake wetu. Wanawake walicheka hadi mmoja akajichoma sindano. Mimi pia nilicheka, lakini jioni nilikwenda kwake nikamweleza kwa heshima kwamba nataka kufanya kazi hii iwe kazi, yenye duka na mafundi. Alinisikiliza amesimama. Mwishowe alinipa sharti, kama afisa. Mwezi ule wa tatu, ambao karani angeondoka, kulikuwa na harusi mbili za Ijumaa moja, moja Makina na nyingine Laini Saba, na mama wa maharusi wote wawili walikuwa wameniagiza shuka ya ukutani. Harusi zikipita salama, yeye hatasema neno tena. Zikiharibika kwa ajili yangu, Jumatatu yake asubuhi niko kwenye ghala la ngozi.

"Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mjomba."

Hapa sina budi kueleza shuka ya ukutani. Kwetu, chumba cha bibi harusi huvikwa shuka zilizotariziwa, na moja kubwa hutundikwa nyuma ya kitanda. Siku mbili kabla ya nikaha wanawake hupita nyumba hizo kuitazama. Huitazama kama mtu anavyosoma barua ya mwenzake, polepole, na kila mshono una la kusema.

Nikaketi na kichwa changu cha biashara. Harusi mbili, muda mfupi, mchoraji mmoja. Nilichora jungu la maua lenye matawi manne, kazi safi kabisa, pengine bora kuliko zote nilizokuwa nimechora hadi siku ile. Nikalitoboa kwenye karatasi ngumu. Nikalipiga kwenye shuka ya Makina, nikalipiga kwenye shuka ya Laini Saba, na kila nyumba ikatarizi yake kwa nyuzi ilizotaka. Nilijipongeza. Chuoni tungeita hiyo akili.

Jumatano kabla ya adhuhuri nikaitwa Laini Saba. Aliyeagiza niitwe alikuwa haboba wa bibi harusi, yaani nyanya yake, mwanamke mwembamba aliyeheshimiwa kuanzia relini hadi Makina. Nilimkuta chumbani kwa mjukuu, amekaa kwenye kigoda chini ya shuka yangu. Wanawake wapatao kumi walikuwa wamejipanga ukutani. Hakuna aliyeniambia karibu.

"Salaam aleikum, haboba."

"Aleikum salaam. Mjomba wako ana wake wangapi?"

"Wawili."

"Umewahi kuingia vyumbani mwao?"

"Nikiwa mdogo."

"Shuka zao zikoje?"

Nikafikiri. Nikaziona machoni mwangu, zile shuka mbili za mayungiyungi mekundu, moja nyumba ya kulia na moja nyumba ya kushoto, sawasawa hadi pindo.

"Zinafanana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ili mmoja asiseme mwenzake amependelewa."

"Sasa nimetoka Makina asubuhi hii," akasema haboba. "Nimeenda kutazama ukuta wa watu, kwa adabu zangu, na nimekuta ukuta wangu. Niambie wewe mwenye mihuri miwili. Mjukuu wangu anaolewa na nani? Na yule wa Makina anaolewa na nani?"

Shangazi mmoja pale ukutani akasema, "Labda ni bwana harusi mmoja na ana baiskeli ya haraka."

Wakacheka, lakini haikuwa furaha. Nyuma ya pazia nilisikia msichana akilia. Alikuwa amesema hatatoka chini ya shuka ya uke wenza, na watu wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshatuma mtu kuuliza kuna nini. Kila mtoto wa kike aliyekulia Kibra alijua jambo hili. Mimi nilikulia Kibra pia, lakini nilikuwa mvulana, tena nikaondoka mapema. Bombay nilifundishwa kila kitu kuhusu mteja ila kumuuliza atakitazamaje kile anachonunua.

"Niiondoe, haboba?"

"Ukuta mtupu ni maneno makubwa zaidi. Ibadilishe. Leo ni Jumatano. Ijumaa nikitoka kuswali, nataka kuona shuka ambayo Makina hawana."

Niliishusha ile shuka nikaitandaza kwenye mkeka uani. Nasema kweli, kwa muda niliona ghala tu. Niliona ngozi zimepangwa hadi darini na mimi nimekaa katikati yake, Jumatatu baada ya Jumatatu, hadi nizeeke. Mshono uliokwisha kutariziwa haufutiki. Ukiufumua, kitambaa kinabaki na vidonda. Kilichobaki ni kuongeza.

Nikapiga magoti nikashika penseli. Karatasi ya matundu sikuigusa. Nilichora moja kwa moja juu ya kitambaa, jambo ambalo hata mafundi wa Bombay waliliogopa. Jungu nililifunika majani hadi likawa shina. Yale matawi manne niliyaacha yaendelee kukua, yakapanda, yakaungana juu kama paa. Kila chipukizi nililifungua likawa ua kamili. Kisha nikaona chini ya mti pana uwazi mkubwa, na hapo nikawachora kanga wanne, wale ndege wa madoadoa ambao watu wa Kibra waliwatega vichakani.

Kanga sikuwachagua kwa uzuri peke yake. Nilipokuwa nikiuchora mguu wa kwanza nilikuwa tayari nahesabu mikono iliyokuwepo uani. Kulikuwa na watarizi stadi wanne, wa wastani watano, na wengine walioweza kufunga fundo la uzi tu. Doa la kanga ni fundo. Mtu yeyote anaweza kufunga fundo. Kwa hiyo ndege wale niliwaweka pale ambapo mikono dhaifu ingekaa, maua nikayaweka upande wa mikono stadi, na shina refu, ambalo ni mshono wa kukimbia, sindano kuingia na kutoka tu, nikalipitisha mbele ya wanawake wenye haraka.

Nilisimama nikatazama. Mchoro na mpango vilikuwa kitu kimoja. Nisingeweza kuuchora ule mti bila kujua nani atakaa wapi, na nisingeweza kuwapanga wale wanawake bila kuuona mti. Miaka tisa nilijidhani watu wawili wanaogombea shati moja. Pale uani kwa watu, na fedheha yangu ikiwa imetandazwa jua kali, nikajua kwamba kazi yangu ni moja na ninaijua.

Nikakigawanya kitambaa kwa uzi mweupe, viraba kumi na sita. Wanawake wanane walitosha kukaa kukizunguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikawagawa zamu mbili. Zamu moja inatarizi, nyingine inapumzika, inakata nyuzi na kutia sindano uzi. Nikatoa saa yangu nikaiweka kwenye kigoda.

"Huyu anatupigia saa kama wafungwa," akasema yule shangazi wa baiskeli.

"Wafungwa hawaletewi chai ya tangawizi, shangazi."

"Basi ilete, bwana jela."

Niliileta mwenyewe. Nilimleta pia mama yangu, aliyechukua kiraba cha katikati bila kuniuliza lolote. Siku ile hadi jua kuzama, na kesho yake tangu asubuhi, uani palisikika maneno, vicheko na mikasi. Mimi nilizunguka nyuma ya migongo yao. Hapa nilirekebisha jani, pale nilimhamisha mtu kiraba. Alhamisi alasiri uzi wa kijani kibichi ukaisha na duka la mjini halikuwa nao. Nikaamua mikia ya kanga iwe ya buluu. Wanawake walinung'unika kwamba hawajawahi kuona kanga wa mkia wa buluu. Nikawaambia hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote.

Ijumaa haboba alirudi kutoka kuswali, akavua viatu, akaingia chumbani. Shuka ilikuwa imeshatundikwa. Alipitisha kidole kwenye shina, akapanda nacho hadi paa la majani, akashuka hadi kwa ndege. Nilikuwa nimesimama mlangoni na shati limenigandia mgongoni.

"Huyu anaangalia wapi?" akauliza, kidole kikiwa kwenye kanga wa mwisho.

"Anaangalia mlango, haboba."

"Anamngoja bwana harusi."

"Ndiyo, haboba."

"Makina hawana huyu," akasema. Kisha akafunua pazia akamwita mjukuu wake, na yule msichana akaja akasimama mbele ya mti wangu macho yakiwa bado mekundu. Alianza kuhesabu ndege kwa kidole. Nikasikia vigelegele vinaanzia chumbani vinatoka hadi njiani. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaegemea ukuta wa udongo, nikapumua. Mdomo ulikuwa ukicheka wenyewe.

Nyumba ya Makina nao, waliposikia, walituma watu waje watazame. Wiki ile ile waliniomba niwaongezee na wao kitu, ila si kanga.

Jumamosi, mama akiwa bado analalamikia vidole vyake, alikuja nyumbani kwetu mwanamke kutoka Kawangware, upande wa Kabiro. Alikuwa mke wa mwenye shamba, Mkristo wa kanisani kwao tangu utotoni, na alikuwa akiwauzia watu wa Laini Saba maziwa. Siku ya harusi aliiona shuka na akasikia kisa chote. Hakuketi hata kidogo, alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Ile maua ya kwanza, ile iliwaletea vita. Karatasi yake bado iko?"

"Iko, mama. Unaitakia nini?"

"Sisi akina mama wa kanisa tunataka vitambaa vya meza. Kila nyumba moja. Tunataka zifanane."

"Zifanane kabisa?"

"Kabisa, kijana. Huku kwenu zikifanana mnagombana. Kwetu mmoja akiwa na ua moja zaidi ya mwenzake, hapo ndipo tutagombana. Watasema mke wa mzee fulani amejiweka juu."

Mama yangu alianza kucheka akiwa ameshikilia ubavu. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaanza kupanga. Kibra nitachora kwa mkono, kila nyumba na mchoro wake, na kila mchoro nitauandika kwenye kadi yenye mtaa na ukoo, nizipange kwenye sanduku kama tulivyofundishwa chuoni kupanga barua, ili ukuta mmoja usikutane na mwenzake tena. Kawangware nitakwenda na karatasi za matundu, nipige ua moja hadi kanisa zima liridhike. Utaratibu ule wa kadi nimeufuata hadi leo. Wachoraji waliokuja baada yangu waliuiga wote, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Jumatatu asubuhi nilivaa suti ya kijivu. Mjomba alinikuta barabarani akadhani nakwenda kukalia kiti.

"Harusi zilipita salama," nikamwambia.

"Nimesikia zilikaribia kutopita."

"Lakini zilipita. Na wa Makina wameniita tena, na Kawangware wameniita."

Sharti lilikuwa lake, na mzee yule hakuwahi kuvunja neno alilolitoa mwenyewe. "Sasa suti ya nini?"

"Naenda kumwambia mwenye ghala mwenyewe. Si vizuri kumwacha mtu na kiti kitupu bila kumwambia."

"Twende wote," akasema. "Nisimame mlangoni. Asije akafikiri umefukuzwa nyumbani."

Mwenye ghala hakukasirika. Alisikitika kidogo, akaniuliza nitafanya kazi gani yenye maana kuliko hii. Nikamwambia nina mafundi kumi na sita Kibra na kanisa zima Kawangware. Aliandika kitu kwenye karatasi yake akanipa mkono. Kola yangu ilibeba harufu ya ngozi hadi Laini Saba, kisha upepo ukaichukua.

Nilifika nyumbani jua likiwa juu. Nilivua koti, nikajinyoosha kwenye mkeka barazani. Ndani mama alikuwa anamwambia mtu fulani aliyekuja na shuka arudi alasiri, fundi amepumzika. Nililala usingizi mzito kama gogo, miguu ikiwa nje ya mkeka, na niliamka tu waliponiita kuswali.